Uhusiano wa Shairi na Picha katika Kitabu cha Mkono: Uhakiki wa The Little Black Boy la William Blake

Ikisiri

Makala haya yanahakiki shairi la William Blake liitwalo The Little Black Boy, lililotoka mwaka 1789 katika kitabu chake Songs of Innocence. Kitabu hicho kilitungwa, kikachongwa, kikachapwa na kutiwa rangi na mshairi mwenyewe akisaidiwa na mkewe, hivyo nakala zake hazilingani. Katika baadhi ya nakala, mtoto mweusi anaonekana mbele ya Mungu akiwa na rangi ileile ya mwenzake Mwingereza. Katika nyingine amebaki mweusi. Tofauti hiyo imewafanya wasomaji waulize ni nakala ipi yenye maana halisi ya shairi. Makala yanatetea hoja kwamba swali hilo halijibiki kwa kuchagua nakala moja. Mhakiki hana budi kutenganisha kilichochongwa katika bamba la shaba na kilichotiwa kwa brashi. Akifanya hivyo, ataona kwamba rangi ya mtoto hubadilika lakini nafasi yake haibadiliki, na kwamba uzito wa shairi umo zaidi katika nafasi hiyo kuliko katika rangi.

1.0 Utangulizi

Kitabu cha msanii ni kitabu ambacho umbo lake lote ni sehemu ya kazi ya sanaa. Maandishi, picha, karatasi, rangi na mpangilio wa kurasa havitengwi, wala picha haiji baadaye kuyapamba maneno yaliyokwisha kukamilika. Istilahi hii ilienea katika karne ya 20, lakini William Blake, aliyezaliwa London mwaka 1757 na kufariki huko huko mwaka 1827, hutajwa mara kwa mara miongoni mwa watangulizi wakuu wa utanzu huo. Vitabu vyake vingi vya mashairi vilitoka nyumbani kwake, ukurasa mmoja baada ya mwingine, bila kupitia mikononi mwa mpanga herufi wala mchapishaji.

Hata hivyo, wasomaji wengi wa Blake hawajakutana na vitabu hivyo. Wamekutana na mashairi yaliyopangwa kwa herufi za kawaida katika diwani na vitabu vya kiada, yakiwa yameondolewa picha. Kwa mashairi mengine hasara hiyo huenda ikavumilika. Kwa The Little Black Boy, ambalo katika makala haya litaitwa "Mtoto Mweusi", hasara ni kubwa, kwa sababu shairi linazungumzia rangi ya mwili na kitabu chenyewe kilitiwa rangi kwa mkono. Msomaji wa Afrika anayetaka kujua shairi hili linamweka wapi mtu mweusi hawezi kupata jibu kamili katika maneno peke yake.

Uhakiki unaofuata unaanza na namna kitabu kilivyotengenezwa, unapitia hoja ya shairi, kisha unachunguza picha katika viwango viwili: kiwango cha brashi na kiwango cha shaba. Mwishoni unaangalia tatizo hilohilo linavyojitokeza pale shairi linapofasiriwa kwa Kiswahili.

2.0 Namna Kitabu Kilivyotengenezwa

Blake hakuanza kama mshairi aliyejifunza kuchora, bali alikuwa fundi. Mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 14, aliwekwa chini ya James Basire, mchongaji wa mabamba ya shaba, akajifunza kazi hiyo kwa miaka saba. Katika England ya wakati huo, kitabu chenye picha kilipitia njia mbili. Maneno yalipangwa kwa herufi za risasi na kuchapwa katika mtambo mmoja. Picha zilichongwa katika shaba na kuchapwa katika mtambo wa aina nyingine, mara nyingi na watu wengine. Mgawanyo huo wa kazi ulizaa mgawanyo wa mawazo: shairi lilionekana kuwa asili, na picha ikawa nyongeza.

Kufikia mwaka 1788 Blake alikuwa amebuni mbinu iliyovunja mgawanyo huo. Aliandika na kuchora moja kwa moja juu ya bamba la shaba kwa kutumia kimiminika kisicholika kwa tindikali. Kwa kuwa chapa hugeuza kila kitu, aliyaandika maneno kinyume, kama yanavyoonekana katika kioo. Kisha tindikali ilimwagwa ikala sehemu zilizobaki wazi, na maandishi pamoja na michoro vikabaki vimeinuka. Bamba lilipakwa wino, likachapwa, na karatasi ikatiwa rangi za maji kwa brashi. Mkewe Catherine, aliyeolewa mwaka 1782 akiwa hawezi kuandika jina lake, alifundishwa naye kusoma, kuandika na kufanya kazi ya karakana. Alishiriki katika kuchapa na kutia rangi.

Mambo mawili ya mbinu hiyo yana uzito katika uhakiki huu. La kwanza ni kwamba herufi na mchoro viliwekwa juu ya bamba moja, kwa mkono mmoja. Mkia wa herufi ungeweza kuwa tawi la mti, na tawi lingeweza kutenganisha ubeti na ubeti. La pili ni kwamba kila nakala ilipita katika hatua mbili zenye tabia tofauti. Hatua ya bamba ilirudiwa bila mabadiliko makubwa kwa miaka mingi. Hatua ya brashi ilianza upya kwa kila nakala. Mwaka 1793 Blake alitangaza Songs of Innocence kwa bei ya shilingi 5. Katika barua ya mwaka 1827, mwaka wa kifo chake, kitabu hicho pamoja na mwenzake Songs of Experience vilitajwa kwa pauni 10 na shilingi 10. Katika kipindi hicho nakala zilihama kutoka rangi nyepesi za awali hadi rangi nzito zilizofunika ukurasa, nyingine zikiongezwa hata dhahabu. Mabamba, hata hivyo, yalikuwa yaleyale.

3.0 Hoja ya Shairi

"Mtoto Mweusi" lina beti saba zenye mishororo minne kila mmoja, na limechukua kurasa mbili za kitabu. Lilitoka miaka miwili baada ya kuundwa mjini London, mwaka 1787, kwa chama kilichopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na miaka 18 kabla ya Bunge la Uingereza kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Msomaji wa mwaka 1789 hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtoto mweusi anazungumza katika kitabu cha Kiingereza.

Nafsineni ni mtoto aliyezaliwa nchi za kusini. Anaanza kwa kujitetea: mwili wake ni mweusi, lakini roho yake, anasema, ni nyeupe. Mtoto Mwingereza anamfananisha na malaika, na yeye mwenyewe anajiona kama aliyenyimwa nuru. Baada ya hapo sauti ya mama inaingia. Mama amempakata mwanawe chini ya mti kabla ya jua kupanda, anambusu, anamwonyesha mashariki. Anamfundisha kwamba Mungu anakaa huko jua linakochomoza, na kwamba viumbe vyote hupokea kwake nuru na joto. Binadamu wamewekwa duniani kwa muda mfupi ili wajifunze kuvumilia miali ya upendo wake. Mwili mweusi ni wingu tu, ni kama kichaka chenye kivuli. Roho ikishazoea joto, wingu litaondoka.

Mafundisho ya mama yana mantiki isiyo ya kawaida kwa wakati wake. Weusi hautajwi kuwa laana wala upungufu. Ni matayarisho. Aliyekaa karibu na jua ndiye aliyejifunza kulistahimili, na kwa kipimo hicho mtoto mweusi yuko mbele ya mtoto mweupe. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua thamani ya kivuli wakati wa adhuhuri, taswira hiyo haina ugeni wowote: kivuli ni hifadhi na ni fadhila ya mwenye nacho kwa asiye nacho.

Tatizo linaanza mama anapomaliza na mtoto anapochukua tena usemi. Kwanza mtoto anaongeza jambo ambalo mama hakulisema: naye Mwingereza ana wingu lake, jeupe, nalo pia litaondoka. Hapo shairi linafikia usawa kamili, kwa kuwa rangi zote mbili ni mavazi ya muda. Lakini ubeti wa mwisho haudumu katika usawa huo. Mtoto mweusi anaahidi kumkinga mwenzake na joto mpaka aweze kuegemea goti la baba yao. Kisha yeye mwenyewe atasimama, azipapase nywele za mwenzake, awe kama yeye, na hapo ndipo atakapopendwa. Mwenye ustahimilivu anageuka kuwa mhudumu. Upendo, ambao mama aliufundisha kuwa unamiminika kwa wote, unawekewa sharti la kufanana na mwenye rangi inayokubalika.

Wahakiki wamegawanyika kuhusu pengo hilo kati ya mama na mwana. Wapo wanaoona kejeli: Blake anaonyesha jinsi mtoto alivyomeza kipimo cha wanaomdharau, ilhali mama alikwisha kumpa kipimo bora. Wapo wanaoona kikomo cha Blake mwenyewe, Mwingereza wa karne ya 18 ambaye huruma yake haikuweza kumwazia mtu mweusi wa mbinguni isipokuwa katika utumishi. Maneno peke yake hayaamui kati ya pande hizo mbili, na hapo ndipo picha inapohitajika.

4.0 Brashi: Rangi Inayobadilika

Picha ya ukurasa wa pili iko chini ya beti za mwisho. Kristo ameketi kama mchungaji, na duara la nuru linakizunguka kichwa chake. Mtoto Mwingereza ameegemea gotini pake, mikono imeunganishwa kama ya anayeomba. Mtoto mweusi amesimama nyuma ya mwenzake, akimgusa.

Maneno yanaweza kusema kwamba mawingu yameondoka bila kueleza roho isiyo na wingu ina rangi gani. Brashi haina nafasi hiyo ya kunyamaza. Mchoraji akifika kwenye mwili wa mtoto wa pili lazima aamue, na nakala zinaonyesha kwamba uamuzi haukuwa mmoja. Katika baadhi yake mwili wa mtoto huyo una weupe uleule wa mwenzake. Katika nyingine umetiwa rangi ya kahawia au ya giza. Nakala za kundi la kwanza zinaonekana kuifuata ahadi ya ubeti wa mwisho, kwamba atafanana naye. Nakala za kundi la pili zinaikataa ahadi hiyo, au zinadai kwamba mtu mweusi hahitaji kuacha weusi wake ili afike mbele ya Mungu.

Ni rahisi kujenga tafsiri nzima juu ya kundi mojawapo, lakini kufanya hivyo kuna hatari mbili. Hatari ya kwanza inatokana na asili ya weupe katika kitabu cha karatasi. Weupe wa mwili katika chapa unaweza kuwa rangi iliyopakwa, na unaweza pia kuwa karatasi iliyoachwa wazi. Mwili mweusi hauwezi kutokea kwa kuachwa. Lazima mtu aupake. Kwa hiyo weusi katika nakala fulani ni ushahidi wa uamuzi, ilhali weupe huenda ni uamuzi na huenda ni wepesi wa kazi katika nakala zilizotiwa rangi chache. Anayehesabu nakala za weupe na kuzichukua zote kuwa msimamo wa Blake kuhusu wokovu wa mtu mweusi anahesabu vitu visivyo vya jinsi moja.

Hatari ya pili ilionyeshwa na Joseph Viscomi katika utafiti wake wa mwaka 1993 kuhusu vitabu vya Blake. Viscomi alithibitisha kwamba Blake hakuwa akitengeneza nakala moja moja kila alipopata mnunuzi, kama ilivyodhaniwa. Alichapa kwa mafungu, na karatasi za fungu moja zilitiwa rangi kwa namna inayokaribiana. Kwa maana hiyo, tofauti nyingi kati ya nakala ni tofauti za vipindi vya kazi, na haifai kila moja kusomwa kama toleo jipya la fikra. Hoja hiyo haifuti umuhimu wa rangi ya mtoto, kwani rangi hiyo inagusa kiini cha shairi kuliko rangi ya jani au ya anga. Inachodai ni kwamba rangi isifanywe shahidi pekee.

5.0 Shaba: Nafasi Isiyobadilika

Kilichomo katika bamba hakikutegemea kipindi wala fungu la uchapaji. Ni kweli kwamba brashi iliweza kufunika mstari au kuongeza jambo, na kwamba hata bamba lingeweza kukwanguliwa. Lakini mpangilio wa watu watatu wa ukurasa wa pili umebaki uleule katika nakala za rangi zote, na mpangilio huo una mambo matatu ya kuzingatiwa.

Jambo la kwanza ni mtazamo. Kristo na mtoto Mwingereza wameelekeana. Mtoto mweusi yuko nje ya kutazamana huko; anamtazama mwenzake kutoka nyuma, naye hatazamwi na yeyote. Jambo la pili ni mkao. Mmoja ameketi, mmoja ameegemea, na mmoja amesimama bila kuegemea kitu. Jambo la tatu ni mguso. Mtoto mweusi anagusa lakini haguswi. Mnyororo wa mguso unatoka kwake, unafika kwa Mwingereza, na kutoka kwa Mwingereza unafika kwa Kristo. Hakuna mkono unaorudi upande wake.

Picha hiyo inapata uzito zaidi ikilinganishwa na ya ukurasa wa kwanza, ambapo mama na mwana wameketi pamoja chini ya mti, jua likichomoza. Huko, kwa maneno ya shairi na kwa mchoro, mtoto mweusi ana mtu wa kumpokea. Katika nchi inayoitwa ya giza alipakatwa. Katika nchi ya nuru pa kuegemea pamechukuliwa na mwingine. Kitabu kimeziweka picha mbili katika kurasa zinazofuatana, na msomaji anayegeuza ukurasa hushuhudia kile ambacho mtoto amepoteza bila yeye mwenyewe kukitaja.

Hapa tofauti ya rangi inapungua nguvu. Katika nakala ambamo mtoto amepakwa weusi, picha inaonyesha mtu mweusi aliyebaki nyuma. Katika nakala ambamo amekuwa mweupe, picha inaonyesha jambo lililo gumu zaidi: amekwisha kufanana na mwenzake kama alivyotumaini, na bado yuko nyuma. Sharti limetimia lakini goti halijapatikana. Nakala nyeupe, ambazo zingeweza kudhaniwa kuwa zinaafiki matumaini ya mtoto, ndizo zinazoyaweka matumaini hayo katika mizani kwa ukali zaidi.

W. J. T. Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu sanaa mseto ya Blake, alieleza kwamba picha za Blake hazitafsiri maneno bali zinasimama pamoja nayo zikiwa na uhuru wake. "Mtoto Mweusi" ni mfano thabiti. Maneno ya mwisho yanatamkwa katika wakati ujao: atapendwa. Picha iliyo chini yake inaonyesha wakati huo ukiwa umefika, lakini upendo ulioahidiwa hauonekani katika uso wa yeyote kwa mtoto huyo. Maneno yanatumaini, na picha iliyo chini yake inabakiza swali.

Kazi nyingine ya Blake inasaidia kuonyesha kwamba mpangilio wa miili ulikuwa lugha aliyoifahamu. Alikuwa miongoni mwa wachongaji wa picha za kitabu cha John Gabriel Stedman kuhusu Surinam, kilichotoka mwaka 1796, chenye michoro ya adhabu za kutisha walizopewa watumwa. Picha moja aliyoichonga inaonyesha wanawake watatu: Ulaya katikati, akitegemezwa na Afrika na Amerika. Ulaya amevaa mkufu wa lulu. Wenzake wamevaa vikuku vya mikononi. Wanasimama karibu kama ndugu, lakini anayetegemezwa ni mmoja. Picha hiyo ilifuata michoro ya Stedman, hivyo haiwezi kuhesabiwa kuwa mawazo ya Blake peke yake. Hata hivyo inathibitisha kwamba aliyeichonga alijua jinsi picha inavyoweza kutamka udugu na wakati huohuo kufichua nani anayembeba nani.

6.0 Shairi katika Kiswahili

Mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na uamuzi unaolingana na ule wa brashi. Usemi wa mwisho wa mtoto, katika Kiingereza, una mwelekeo mmoja: yeye ndiye atakayekuwa kama mwingine, na mwingine ndiye kipimo. Neno la kwanza linalokuja katika Kiswahili ni kufanana. Lakini kitenzi hicho kina kiambishi cha kutendana, na kinabeba maana ya pande mbili: anayefanana na mwenzake, mwenzake naye anafanana naye. Mfasiri akiandika kwamba mtoto atafanana na Mwingereza, sarufi ya Kiswahili inampa mtoto usawa ambao Kiingereza hakikumpa. Akiandika kwamba atakuwa kama yeye, au kwamba atamshabihi, anaurudisha mwelekeo mmoja pamoja na uchungu wake.

Uamuzi huo si wa mtindo tu. Tafsiri inayotumia kufanana inaukaribia usawa wa ubeti wa sita, pale mawingu mawili yanapoondoka pamoja. Tafsiri inayotumia kushabihi inaukaribia ubeti wa saba na picha yake. Kwa kuwa mpangilio wa bamba unaunga mkono kutokuwapo kwa usawa, kauli ya mwelekeo mmoja ndiyo inayostahili zaidi. Hoja hiyo isingepatikana kwa kuangalia maneno peke yake. Inatoka katika picha.

Kadhalika, mchapishaji anayeweka picha moja pembeni ya tafsiri anachagua rangi kwa niaba ya msomaji. Hifadhi ya kidijitali ya kazi za Blake, iliyoanzishwa mwaka 1996, imewezesha nakala kadhaa kutazamwa bega kwa bega, na hivyo hakuna tena sababu ya kutegemea moja. Picha mbili, moja ya mtoto mweupe na moja ya mtoto mweusi, zikiwekwa pamoja zitamwonyesha msomaji kinachobadilika na kisichobadilika.

Watafiti wa ushairi wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa upya nidhamu hiyo. Tenzi za Lamu na Pate zilihifadhiwa kwa miswada ya hati za Kiarabu iliyonakiliwa kwa mkono, na mtafiti wake amezoea kulinganisha nakala kabla ya kutoa kauli. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa nakshi, anakumbusha kwamba pwani nayo imewahi kuwa na watu ambao kwao kutunga, kuandika na kuchonga havikuwa fani zilizotengana. Kinachohitajika ni kuupeleka uangalifu huohuo kwenye matini za kigeni zinazosomwa Afrika Mashariki kana kwamba zilizaliwa zikiwa zimepigwa chapa.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba "Mtoto Mweusi" si shairi lenye picha, bali ni kurasa mbili za kitabu ambamo neno, mchoro na rangi vina mamlaka tofauti. Neno linatoa tumaini. Brashi inalijibu tumaini hilo kwa namna zinazotofautiana kutoka nakala hadi nakala. Shaba, iliyobaki ileile, inaonyesha mtoto aliyesimama nyuma ya goti ambalo hakulifikia. Mhakiki anayesoma neno tu atabaki na ubishi usiokwisha kuhusu nia ya Blake, na anayesoma nakala moja atapata jibu la haraka lisilodumu.

Matokeo hayo hayamtakasi Blake wala hayamtii hatiani. Yanahusu kitabu, si dhamiri ya mtu. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba swali lililo kubwa zaidi kwa msomaji mweusi wa shairi hili si rangi atakayokuwa nayo mtoto huyo mwishoni. Ni kwa nini, katika kila nakala na kwa kila rangi, yeye ndiye aliyesimama.